Chatu wa shemeji yangu aligoma kula miaka ya wakimbizi kule Nyakahura, na tulivyomrudisha kwenye chakula

Wakuu, habari za humu ndani.

Juzi mwenzetu mmoja alieleza kwamba ana chatu mdogo wa kufuga, kila akimpa panya wa dukani anageuza kichwa. Wengi mlimcheka, wengine mkamwambia auze. Mimi sikucheka, kwa sababu jambo hilo nimeliishi. Nasimulia nilichokiona kwa macho yangu, sina cha kuongeza. Mtanisamehe kwa urefu.

Mimi ni Mhangaza wa Kanazi, wilaya ya Ngara. Kwetu ni wakulima, migomba na maharage, Jumapili kanisani. Nyoka kwetu akionekana anapigwa, hakuna mjadala.

Sasa dada yangu mkubwa, Domitila, aliolewa na Msukuma anaitwa Shija, aliyehamia Nyakahura kule Biharamulo na ng'ombe wake. Shija ni mtu mpole sana. Ila alikuwa mcheza ngoma wa nyoka. Wasukuma humu mnaijua hiyo kitu: baada ya mavuno vikundi vinashindana, na mwenye nyoka mzuri anajaza uwanja.

Nyoka wake alikuwa chatu jike anaitwa Kabula. Kwa urefu, ungemlaza kitandani angezidi kitanda. Alikaa kwenye kasha la mbao, kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Dada aliishi pale miaka yote bila kuingia kile kibanda. Alikuwa anafagia uwanja mpaka usawa wa mlango, anageuza.

Mambo yalianza miaka ile wakimbizi wa Rwanda na Burundi walipojaa kwetu.

Shija alipanda lori la mahindi kutoka Ngara, akakaa juu ya mzigo kama tulivyokuwa tunafanya wote. Kwenye kona akaanguka. Mguu ukavunjika juu ya goti, na mfupa ukatoka nje. Wakamfunga kienyeji, ukaingia usaha, mwisho akapelekwa hospitali Mwanza. Madaktari wakasema atalala pale muda mrefu, mguu ufungiwe uzito uvutwe, kidonda kisafishwe, baadaye wamfanyie operesheni. Akiondoka kabla, mguu unakatwa, au anakufa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza kibarua cha kupakua magunia kwenye ghala moja la chakula cha wakimbizi. Dada akaniita.

Nilipofika akaniambia, "Deo, ng'ombe nawaweza. Watoto nawaweza. Huyo wa nyuma siwezi. Na hajala."

Nikamuuliza hajala tangu lini.

"Tangu kabla ya mvua. Hata Shija kabla hajaanguka alikuwa anahangaika naye."

Niliingia kwenye kibanda nikiwa na fimbo, sitawadanganya. Nikafunua kasha. Wakuu, nyoka anapokonda anaonekana. Mgongo ulikuwa umesimama kama ukingo wa paa, ngozi imelegea pembeni. Alinyanyua kichwa kidogo akanitazama, akakilaza tena.

Hapa nieleze kidogo. Chatu mkubwa kukaa miezi bila kula si ajabu, kwa hiyo wewe unayefuga usikimbilie kupata presha. Ila akianza kukonda mgongo hivyo, hiyo ni serious.

Sababu yake haikuwa siri. Shija alimkamata akiwa mdogo bondeni kwenye matete, na tangu hapo alikuwa anamlisha ndezi, wale panya wakubwa wa kwenye majani wenye nyama tamu. Kabula hakujua chakula kingine. Sasa wakimbizi walipoingia, watu walikuwa wengi kuliko tulivyowahi kuona. Kuni zilikatwa, mabonde yakachomwa, matete yakakatwa kuezekea vibanda. Na ndezi ni nyama. Kila mwenye mbwa na mkuki alikuwa anawinda, mkimbizi na mwenyeji. Ndezi wakaisha.

Simlaumu mtu. Mwenye njaa anakula.

Nikaanza na kuku. Nilichukua mtetea mmoja wa dada nikamtumbukiza kwenye kasha jioni, nikafunika. Asubuhi nikaenda nikitegemea kukuta manyoya. Nikamkuta mtetea amekaa kwenye kona, ametulia, na pembeni yake yai. Alikuwa ametaga. Kabula amejikunja upande wa pili, hana habari.

Dada nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka tangu nifike. Yai tukamkaangia mtoto.

Nikajaribu chura. Nikajaribu samaki wa kununua barabarani. Hata ulimi hakutoa.

Ndipo nikakumbuka ghala. Kule nilikofanya kazi panya walikuwa wanatembea juu ya magunia mchana, wamenenepa kama paka. Nikapanda lori nikaenda Ngara, nikamwomba rafiki yangu aliyebaki kazini anisaidie. Tukakamata wachache wakiwa hai, ilikuwa rahisi mno. Nikawafunga kwenye gunia. Nikiwa naondoka mlinzi wa zamu akaniuliza nawapeleka wapi. Nikamwambia ukweli.

Akasema, "Hao wamekula sumu. Tumemwaga wiki hii. Wanatembea tu, lakini wamekwisha. Ndiyo maana umewakamata kirahisi."

Niliwaacha pale pale, wakachimbiwa shimo. Njiani nikawa nawaza: ningefika nao Nyakahura, Kabula akala siku hiyo, tungefurahi siku mbili. Kwa hiyo mwenye kuokota panya mtaani akampa nyoka wake, ajue kwanza mtaa huo kuna nani anatega sumu.

Sasa sikilizeni kilichotubana zaidi.

Kulikuwa na basi la kwenda Mwanza, na kondakta wake, Idi, alikuwa kijana wa familia ya wenye maduka pale Biharamulo mjini, watu wa asili ya pwani. Yeye ndiye alikuwa simu yetu. Akipita Nyakahura anashusha salamu za Shija, anachukua zetu. Na salamu ya Shija ilikuwa moja kila mara: Kabula amekula?

Siku moja basi likasimama, Idi akaniambia, "Shemeji yako anashukuru sana kusikia amekula."

Nikamwangalia dada. Akatazama chini.

Basi lilipoondoka nikamuuliza. Akasema, "Ulitaka nimwambie nini? Akijua hajala, kesho anafungua zile kamba anapanda lori. Wewe humjui. Huyo nyoka alikuwa naye kabla yangu."

Nilijua ni kweli.

Ila Shija naye hakuwa mjinga. Safari iliyofuata Idi alishuka na ujumbe mwingine, akautoa huku anakuna kichwa. "Amesema mumtumie chaki yake. Amesema nyinyi mtaelewa. Mimi sijaelewa."

Mimi pia sikuelewa. Masanja ndiye aliyetufafanulia. Huyu alikuwa mwenzake Shija kwenye kikundi cha ngoma, anakaa jirani. Nyoka akila na kusaga chakula, kwenye choo chake unatoka mkojo mzito mweupe, ukikauka unakuwa mgumu kama chaki ya ubaoni. Asiyekula hatoi kitu. Shija alikuwa anataka ushahidi, na alimwambia Idi kwamba asipoipata atakuja kuitafuta mwenyewe.

Masanja akasema dawa ni moja, kumlisha kwa nguvu. Akaleta nyama ya mbuzi iliyokatwa vipande virefu na kijiti laini. Mimi nikashika mwili, yeye akashika kichwa, akapanua mdomo kwa kijiti akaanza kusukuma.

Wakuu, sishauri mtu afanye hivyo. Kabula alijinyonga mikononi mwangu nikahisi mifupa yake yote. Nyama iliingia. Tukamlaza. Muda si mrefu akaitapika yote, na mate yenye damu.

Masanja akachukua kijiti tena. "Mara ya pili huwa inakaa."

"Mwacheni."

Tuligeuka. Dada alikuwa amesimama ndani ya kibanda. Si mlangoni, ndani.

Masanja akamwita mama kwa Kisukuma, kwa upole, "Mayu, bila hivi atakufa."

Dada akasema, "Basi afe akiwa amelala, si hivyo. Mwacheni apumzike."

Akaja mpaka kwenye kasha, akainama akatazama ile damu mdomoni. Akaenda kuleta maji kwenye bakuli, akayaweka ndani yeye mwenyewe.

Tulikaa hivyo siku kadhaa bila kumgusa. Nilianza kufikiri namna ya kwenda Mwanza mwenyewe nimkalishe Shija kitako nimweleze, liwalo na liwe.

Siku ya soko nikaenda barabarani kuuza ndizi za dada. Wakimbizi walikuwa wanakuja pale kubadilisha chakula walichopewa. Walikuwa wanagawiwa mahindi ya njano, magumu, na wengi hawakuyazoea. Mrundi mmoja, Mama Nadine, alikuwa mteja wangu wa kila soko: mahindi kwa ndizi mbivu. Nilikuwa naona kiasi cha ndizi anachochukua hakitoshi hata mtu mmoja kushiba.

Siku hiyo nikamuuliza ndizi moja mbili zinamsaidia nini na nyumba yake ina watu.

Akaniambia kwa Kiswahili chake, "Siyo ya kushiba. Mtoto ye anakataa uji wa haya mahindi. Anafunga mdomo. Naponda ndizi kidogo naweka juu, ananusa harufu ya nyumbani, anafungua. Uji ni ule ule."

"Na kila siku unaweka?"

"Napunguza. Leo nyingi, kesho kidogo. Atazoea."

Akachukua ndizi zake akaenda. Mimi nilibaki na mteja mwingine anayeuliza bei na simsikii. Nilikuwa namfikiria Kabula.

Kesho yake nikaenda nyumbani Kanazi.

Kule kwetu, jikoni kwa mama, walikuwepo simbilisi. Mliokulia Kagera mnawajua: wanyama wadogo wasio na mkia, wanakimbia chini ya mafiga wanapiga mluzi, wanakula maganda ya ndizi. Kila jiko lilikuwa nao. Hawana sumu, wanazaa haraka, na kwa umbo wanafanana na watoto wa ndezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Dada yako mzima? Na mgonjwa?"

Nikampa habari zote. Mwisho nikamwambia nataka simbilisi wachache na wa nini.

Mama akawatazama wale chini ya mafiga. "Nimelea hawa kwa ajili ya nyoka?"

"Kwa ajili ya mguu wa Shija, mama."

Akasema, "Chukua madume. Majike niachie. Na usiwaambie watoto."

Kilichobaki ilikuwa harufu. Kanazi iko mbali kidogo na makambi, kwa hiyo bado ulikuwa unasikia mara moja moja kwamba fulani kaua ndezi kwenye miwa. Nikazunguka nikiuliza. Nikampata jirani mmoja aliyeua siku iliyotangulia. Nyama ilishagawanywa, ila ngozi ilikuwepo imetupwa nyuma ya nyumba. Akanionyesha na kiota alichomtoa, nikazoa zile nyasi na vinyesi vyote nikajaza kwenye kigunia. Jirani alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Sikumlaumu.

Nikarudi Nyakahura na simbilisi kwenye kapu na kile kigunia kinachonuka. Kwenye lori watu walinikalia mbali.

Kwanza nilijaribu simbilisi mtupu, nione. Kabula hakushughulika. Yule mnyama akampanda mgongoni, akapita, akaanza kutafuna majani. Nikamtoa.

Kisha dada akasema, "Sasa fanya kama yule mama." Nilikuwa nimemsimulia.

Tukachukua simbilisi mwingine, tukamuua kwanza. Hili nalo ni la kuzingatia: mnyama mzima akiachwa na nyoka dhaifu anaweza kumng'ata. Tukamsugua na ile ngozi upande wa ndani na nje, tukamviringisha kwenye nyasi za kiota mpaka mikono yetu wenyewe ikanuka ndezi. Tukamweka juani apate joto. Tukafunika kasha na blanketi ndani kuwe giza, tukaacha upenyo. Nikamfunga simbilisi kwenye kamba, nikamvuta taratibu mbele yake kupitia ule upenyo.

Kabula alitoa ulimi.

Akautoa tena. Halafu mara nyingi, haraka haraka. Kichwa kikanyanyuka. Dada alinishika bega, kucha ziliniingia.

Sikuona alivyoruka. Niliona tu kamba imekatika mkononi na yeye amejikunja mkunjo mmoja mgumu. Tulikaa pale mpaka alipoanza kumeza, polepole, kuanzia kichwani, na tuliona kile kifundo kinashuka shingoni.

Dada akatoka nje. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe la kusagia, analia kimya kimya. Nikamwacha.

Tulimpumzisha, tukampa wa pili, wa tatu. Kila mara tunapunguza kusugua. Ngozi ilipooza tukaitupa, zikabaki nyasi. Nyasi zikabaki kidogo. Siku moja dada akampa simbilisi asiye na kitu, akamchukua bila kusita. Nasema dada akampa, maana kufikia hapo yeye ndiye alikuwa anavuta kamba.

Na chaki ikapatikana. Nyeupe, ngumu, saizi ya kidole. Tukaikausha tukaifunga kwenye nailoni mara tatu.

Idi alipoambiwa ni nini alirudisha mkono. "Jamani, na mimi naswali. Nauweka wapi mkojo wa nyoka?"

Dada akamwambia, "Uweke popote, mwanangu, lakini ufike."

Akaufunga kwenye boksi la viatu juu ya keria, ukafika. Aliporudi alisema Shija aliifungua kitandani, akaivunja kidogo kwa kucha, akainusa, akamwita nesi akamwambia yuko tayari kwa operesheni. Nesi alimuuliza Idi ile ni dawa gani ya kienyeji.

Shija alirudi baada ya miezi mingi, na magongo mawili. Mguu ulipona lakini ulikuwa mfupi na goti halikunji. Alisalimia watu, akanywa maji, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda. Tukamfuata mimi na dada.

Alifunua kasha. Kabula alikuwa amenenepa, ngozi inang'aa, ametoka kujivua gamba. Shija akanyoosha mkono kama alivyozoea. Kabula akajikunja kwa nyuma, akatoa mlio mkali wa pumzi.

Shija akarudisha mkono. Nilimwona usoni. Mtu aliyevumilia mguu kuvutwa kwa uzito wiki kwa wiki, hapo ndipo macho yalipomjaa machozi.

"Hanijui," alisema.

Dada akasema, "Unanuka hospitali. Hata mimi nimeisikia ulipoingia."

Akavua kanga aliyojifunga kiunoni, ile anayoendea kibandani kila siku, akamzungushia mume wake mabegani mpaka mikononi. Akamwambia akae chini asiongee. Shija akakaa, mguu umenyooka mbele, magongo pembeni, mwanaume mzima na kanga ya maua. Dada akakaa karibu yake, ndani ya kibanda ambacho Shija alipoondoka alikuwa hajawahi kukiingia.

Tulingoja muda mrefu. Kabula akatoa ulimi, akasogea, akapanda kwenye kanga, akapitisha kichwa chini ya mkono wa Shija akatulia pale.

Nikawaacha nikaenda kufungia ng'ombe.

Shija hakucheza tena, goti halikuruhusu, akawa mpiga ngoma wa kikundi. Makambi yalipopungua na matete kuota tena bondeni, yeye na dada walikubaliana wakambeba Kabula wakamwachia kule alikotoka. Mimi sikuwepo. Dada anasema Kabula hakugeuka nyuma.

Mkuu uliyeuliza, jibu langu ni hili. Nyoka wako hajagoma kwa kiburi, hajui tu kwamba hicho ni chakula. Tafuta alikuwa anakula nini kabla hajaja kwako, kama ni mjusi, ndege au chura, umsugulie panya harufu hiyo, umpe joto na giza, halafu upunguze kidogo kidogo. Usimfungue mdomo kwa kijiti. Na kabla ya yote waone watu wa maliasili kuhusu kibali, siku hizi si kama enzi zetu.

Nami nilichojifunza ni kuuliza kwanza mtu au mnyama ametoka wapi kabla ya kumwita mbishi.

Waliokulia Ngara na Biharamulo miaka ile, na nyinyi mnaofuga viumbe wasumbufu wa kula, uwanja ni wenu. Semeni mlifanyaje, hata kama hamkufanikiwa.